Bendera ya Nyambizi Uliyoimaliza

Babu yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa Al Nahda, huku Ghuba, kwenye meza ya cherehani, na mkononi nina kifungo cha shati la mwanangu Idi, kitukuu wako ambaye hukumwona. Nitafika kwenye kifungo. Kwanza nikutanie kidogo.

Unakumbuka Mombasa walivyokuita Fundi Kesho? Mtu alikuja kuchukua suruali yake akakuta upindo mmoja haujashonwa. Wanawake walikugombeza pale kibarazani, nawe ukicheka tu, huku mimi nikikutungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yako yalishachoka. Nilidhani ni uvivu.

Hadi siku uliponieleza habari za vita vikuu, na nyambizi ya Waingereza iliyokuwa ikitia nanga Kilindini. Mabaharia wake walikuwa na bendera nyeusi yenye fuvu, na kwa kila meli waliyoizamisha walikuletea uishonee mstari mweupe. Ulishona huku ukiwaombea waliozama, watu usiowajua. Na kila mara uliacha pembe moja bila kuipinda. "Watarudi niwamalizie," ulisema. Na kweli walirudi, wamekonda, wananuka dizeli, wanakuita kwa kelele tangu mlangoni.

Safari moja kijana mmoja wao mwenye nywele nyekundu akakusihi: kapteni anataka bendera iliyokamilika. Ukaona haya, ukaimaliza. Hawakurudi tena. Uliwauliza wanamaji wengine bandarini, wakavua kofia.

"Vidole hivi ndivyo vilivyowafungia njia," uliniambia, ukanionyesha. Ulikuwa mzee wa mvi tupu, na ulilia mbele yangu kama vile ni jana.

Haikuwa sindano yako, Babu. Ilikuwa vita. Nilikuwa mtoto, sikujua kuyasema maneno hayo, na ulipoondoka nilikuwa bado sijajua. Nayasema leo.

Siku hizi napinda sare za wahudumu katika hoteli moja huko Garhoud. Madam ananisifu kwa kuwahi. Kila kazi naimaliza, lakini nikisikia harufu ya pasi moto juu ya kitambaa chenye maji, nakukumbuka.

Wiki iliyopita Idi aliitwa kazini kwenye meli ya mizigo, apite Ghuba hii yenye habari za vita kila uchao. Nilimshonea shati jipya. Asubuhi, begi liko begani, akajitazama kifuani.

"Mama, mbona kifungo kimoja hakipo?"

"Nitakushonea ukirudi."

"Si una kopo zima la vifungo hapo! Yalla, nishonee, gari linangoja."

"Ukirudi, inshallah. Khalas, nenda."

Akanibusu kwenye paji la uso, akaondoka shati likiwa wazi pale kifuani.

Pumzika, Babu. Haikuwa sindano yako, nalijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Na kifungo hiki nimekishika, sikiachii.

Mjukuu wako,
mtunga uzi