Mstari wa Kalamu

Ruiru, Jumanne

Mwaitu,

Sisi tuko salama. Mbaazi ulizotuma, mjukuu wako Kamene amezimaliza.

Bado nafanya biashara ya hisa, usinikasirikie. Kila asubuhi nachukua bei ya juu kabisa ya jana, ya chini kabisa, na ile ambayo soko lilifunga nayo. Najumlisha, nagawanya kwa tatu, nachora mstari hapo. Wenyewe wanauita pivoti. Bei ikishuka chini yake, nauza.

Nilikuambia ni soko lililomeza pesa za ng'ombe uliyemuuza kwa ajili yangu. Si kweli. Bei ikishuka, nilikuwa nafuta mstari, nauchora chini zaidi, nangoja ipande.

Leo saa nne imeshuka. Nimeuza, nikanywa chai yangu. Siku hizi nachora kwa kalamu ya wino. Kifutio nimempa Kamene aende nacho shule.

Mwanao,
Nzau