Mahari Yangu Inaisha Mwezi Ujao

Shikamoo Bi Salha, mshauri wetu wa gazetini, naomba unisaidie kabla sijabomoa nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na nakuomba sana jina langu usilitoe.

Mimi ni mke wa mtu, nakaa Ipagala hapa Dodoma, napika jemu ya zabibu na kuuza zabibu kavu, na wateja wangu wakubwa ni wageni wanaokuja wakati wa Bunge, wakirudi kwao wanataka tena na tena, ndipo Fahadi, ambaye wakati huo alikuwa mchumba wangu, akaniambia biashara yangu inatakiwa iwe na jina lake yenyewe kwenye intaneti, yaani anwani ya tovuti yake, ili hata mtu wa Arusha au Muskati aione chupa na aagize. Basi wazee walipokuja kuuliza nataka mahari gani, maana kwetu bibi harusi ndiye anayetaja, wenzangu walikuwa wakitaja kitanda na cherehani, mimi nikasema nataka hilo jina na ukurasa wake, basi. Siku ya ndoa shehe aliuliza mara mbili kama kitu hicho kinashikika, Fahadi akamwonyesha karatasi aliyoichapa kwenye kompyuta ya ofisini kwao, watu wakacheka mpaka shehe mwenyewe akafunika mdomo, na ndoa ikafungwa. Huu ni mwaka wetu wa pili.

Bi Salha, mume wangu namsifu mbele yako bila haya. Ananichotea maji, anapanda baiskeli kwenda kunichukulia zabibu shambani, na hata shirika lao lilipobinafsishwa naye akapunguzwa kazi hakuniletea hasira ndani, alikunja mikono ya shati akaanza kufunga chupa pamoja nami.

Sasa juzi nilikwenda intaneti kafe kuangalia kama maagizo ya mfungo yameanza kuingia, maana Ramadhani ndiyo inayonilisha mwaka mzima, Denis anayeendesha ile kafe akaniambia, "Shemeji, mbona hili jina mnaliacha? Linaisha mwezi ujao. Msipolilipia linarudi sokoni, akilitaka mwingine analichukua." Nikamwambia haliwezi kuisha, ni mahari yangu. Akanigeuzia kompyuta nione mwenyewe. Aliyeandikwa kuwa mwenye jina ni Fahadi, si mimi, na baruapepe iliyowekwa pale ni ile ya Fahadi ya ofisini, na tarehe ya kuisha ni ileile aliyoisema. Nilitoka pale hata maagizo sikuyasoma.

Nikaenda kwa shangazi yangu, Bi Mwanne, ambaye ndiye aliyesimamia posa yangu. Akaniambia nisithubutu kumuuliza Fahadi, kwa sababu "mwanamke anayedai mahari naye bado yumo ndani ya nyumba, huyo anafunga mizigo." Nikamwambia basi nitalipia mwenyewe kimyakimya, akashika kichwa, "Ujilipie mahari? Utakuwa umejioa." Sasa nimekwama, nikidai nitaonekana nataka talaka na nitamtia aibu mtu asiye na kazi, nikilipa nimejioa, nikinyamaza jina linapotea na wateja wangu wa mfungo wanaangukia kwa mwingine, na kinachoniuma kuliko yote ni kwamba Fahadi mwenyewe hasemi neno, tunakula naye, tunacheka naye, hili hasemi, nami nimeanza kufikiri labda amenichoka na anaiacha mahari iishe ili na mimi niishe. Nampenda Bi Salha, nifanye nini?

Mke mwenye wasiwasi, Ipagala

*

Marahaba mwanangu. Pole, na kwanza kaa chini unywe maji.

Umeniandikia woga mwingi, na jibu umelipita njiani kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Soma tena maneno yako mwenyewe. Baruapepe iliyowekwa ni ya ofisini, ofisi imebinafsishwa, mumeo kapunguzwa. Sasa hizo barua za kukumbusha malipo mwaka huu zinakwenda wapi? Zinakwenda kwenye ofisi ambayo Fahadi haingii tena. Hakunyamaza huyo, mwanangu. Hajui. Anafunga chupa akiamini mambo yako shwari, na wewe umeshamhukumu bila kumuuliza hata swali moja. Hapo nimekukasirikia. Mtu anakuchotea maji, wewe unamtilia talaka mdomoni.

Bi Mwanne namheshimu na najua anakupenda, lakini mahari alizozizoea yeye ni za vitanda. Kitanda kikishaingia ndani kimeingia, hakidai kitu. Jina la intaneti lina ada yake kila mwaka. Hebu niambie, ungepewa mbuzi kwa mahari, nani angemkatia majani? Si wewe? Na maziwa ungekunywa, na hakuna ambaye angesema umejioa. Basi hiyo ada ni majani. Ilipe kwa jemu yako, wala usitazame chini. Kama roho haijatulia upande wa dini, shehe aliyewafungisha ndoa yupo, kamuulize yeye, mimi ni mwandishi wa gazeti tu.

Ila mbuzi wako bado yumo kwenye zizi la mumeo, na hilo ndilo jambo lake yeye. Alikuahidi jina liwe lako, akaliandikisha kwa jina lake. Sidhani alikusudia ubaya, vijana wa kompyuta hujaza haraka haraka kinachowajia kwanza. Mwambie alihamishe. Halidaiwi kwa talaka jambo hili, linadaiwa kwa chai.

Nendeni kwa Denis wote wawili, wiki hii, msingoje Bunge wala mfungo. Lipeni kwanza, kwa sababu jina likishapotea hakuna cha kuhamisha, na kama wanapokea ya miaka zaidi ya mmoja, lipeni. Kisha fungua baruapepe yako mwenyewe, si ya ofisi, si ya kafe, na wala si ya Denis hata akisema atakutunzia. Fahadi awapigie simu wale waliowaandikishia jina, maana baruapepe yake ya zamani imekufa, awaeleze kwamba mwenye jina sasa ni wewe, na kama watataka kitambulisho awapelekee. Neno la siri ubadilishe wewe ukiwa peke yako kwenye kiti. Ukitaka kumwambia mumeo ni hiari yako. Tarehe ya kulipia tena iandike kwenye kalenda ya ukutani, pale mnapofungia chupa, muione wote.

Limebaki la kuanzisha mazungumzo, ambalo naona ndilo linalokutoa jasho. Uliniomba nisitoe jina lako, na sikulitoa. Lakini la Fahadi umelitaja mwenyewe, na mwanamke aliyeolewa kwa mahari ya jina la intaneti, unadhani Dodoma nzima wapo wangapi? Kama Fahadi hakununua gazeti leo, Bi Mwanne atampelekea kwa mkono wake. Kwa hiyo usihangaike kutafuta maneno. Chemsha chai, toa vikombe viwili, na akiingia na gazeti kwapani usikimbilie jikoni. Kaa hapo hapo, umwache aanze yeye kusema.