Sifa na Maji ya Kumwagiwa

Madamu wangu,

Watoto wameshakwenda kwao, nimebaki peke yangu darasani. Kopo lako la kijani bado linaning'inia pale mlangoni, kamba yake ilikatika nikatia nyingine. Maternele, shule ya wadogo uliyoianzisha nyuma ya kanisa hapa Lusangi haijafungwa, ila watoto wamepungua. Wazazi wengine wanaogopa, eti mwalimu alifia humu. Hukufia humu. Ulifia njiani, juu ya pikipiki, tukikukimbiza hospitali ya Kasongo, mimi nimekukumbatia kwa nyuma usianguke. Kipindupindu kilikumaliza kati ya asubuhi na jioni. Naichukia barabara ile mpaka leo.

Asubuhi bado nasimama ulipokuwa unasimama, watoto wananipangia foleni. Nawauliza kama ulivyokuwa unawauliza: "Hii mikono ni ya mutoto ao ya kima?" Wanacheka, lakini si kama walivyokuchekea wewe. Kisha namwaga maji, mdogo kuliko wote akianza. Sabuni ikiisha tunachota majivu jikoni kwa mama mchungaji. Nilipokuja kwako kujifunza kazi nilishangaa, maana kwetu sote beseni la kunawia huanza kwa wazee, na likifika kwa mtoto maji yamegeuka matope. Wewe hukutaka beseni kabisa. "Maji yenye imekwisha kuosha mutu, muiache iende," ndivyo ulivyoniambia.

Madamu, kwenye kilio chako walipika bugali na majani ya sombe, na beseni likapita. Wazee kwanza. Lilipofika kwa Sifa wako, yeye hakuchovya. Alinyoosha mikono juu ya beseni, viganja vikitazama juu, akangoja mtu ammwagie. Mtoto wa miaka minne, mama yake kazikwa mchana ule, na bado anakumbuka ulivyomfundisha. Shangazi yake akaona ni ukaidi. Akaikamata ile mikono akaizamisha.

Nilisimama nikaleta kopo. Shangazi akanitazama mbele ya watu wote: "We musichana, unataka kusema ni siye tuliua huyu mama? Ni sumu walimupa. Kila mutu anajua." Tangu hapo hakuna anayetaka kusikia habari ya maji. Wanamtafuta aliyekupa sumu, na mto tunaouchota ni ule ule, huko juu wachimbaji wamejaa na vyoo hawana. Nimechoka kulisema hilo.

Nilimwomba Sifa abaki nami. Wakasema mimi si ndugu. Baba yake aliingia mashimo ya dhahabu hata kabla hajazaliwa na hakutoka, kwa hiyo mtoto ni wa upande wa baba. Shangazi akaondoka naye kwenda Salamabila, anakouzia wachimbaji chakula.

Juzi nilikwenda kumwona. Shangazi si mtu mbaya, Madamu, nisimsingizie. Anamlisha, amemshonea na gauni. Lakini ana wateja tangu alfajiri, na ukimweleza habari ya mikono anakuona unamchelewesha. Walipoleta chakula uani, beseni lilizunguka kama kawaida. Sifa akainuka, akachukua mkebe mtupu wa nyanya, akachota maji safi, akammwagia mtoto mdogo wa shangazi, yule ambaye ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Akamsugua katikati ya vidole, taratibu, kama wewe. Nikamsikia anamuuliza: "Hii mikono ni ya mutoto ao ya kima?"

Halafu akaweka mkebe chini. Akatazama huku na huku. Hakukuwa na wa kummwagia yeye. Akainama, akachovya mikono yake kwenye beseni, wa mwisho kabisa, ndani ya uchafu wa watu wote. Hakulia. Ameshazoea, na hilo ndilo lililoniua.

Nilimwita, nikamwaga yale maji, nikachota mengine. Aliinyoosha mikono haraka, viganja juu, kama siku ile ya kilio. Maji yakawa yanapita, naye akaniuliza polepole: "Madamu, na miye niko mudogo?"

Nilimwaga mpaka maji ya mkebe yakaisha.

Nilimwomba shangazi tena anipe huyu mtoto, angalau kwa muda. Akafikiri, akasema: "Tutaona kisha mvua." Kisha mvua! Yaani mvua ziishe kwanza. Wewe mvua ndiyo iliyokuchukua, iliposomba uchafu wa huko juu ikautia mtoni. Mawingu yalikuwa yameshakusanyika juu ya vilima wakati ananiambia hayo, na nyumba ya tatu kutoka kwake kulikuwa na mtu anaharisha.

Kwa hiyo nimeamua. Kesho narudi Salamabila na kopo lako la kijani. Mama mchungaji atanishikia darasa, nimeshamwonyesha namna ya kumwaga. Nitakaa uani kwa shangazi mpaka achoke kuniona, anitukane akitaka, na kila chakula kikiletwa mimi ndiye nitakayeshika kopo. Sitaondoka pale bila Sifa.

Pumzika, Madamu. Lile swali la Sifa sikumjibu, lakini kesho nitamjibu. Nitamwambia ndiyo, bado uko mudogo, leta mikono.

Furaha, msaidizi wako