Kitasa cha Baba

Jumatatu, 3 Juni

Nimehamia kwa Mama. Kwa muda tu, nimewaambia kazini. Nyumba kimya — hakuna nyundo, hakuna redio iliyofumuliwa juu ya meza ya chakula. Baba tumeshamzika, lakini misumari yake bado tunaikanyaga.

Mheshimiwa (kaka yangu, anayevaa tai hata akija kunywa chai) kaanza tena: mlango wa mbele ubadilishwe kitasa. Hiki alikibuni Baba mwenyewe. Unainua mkono wa mlango, unasukuma kwa goti, halafu unazungusha kinyume. Baba alijisifu kwamba mwizi atakesha hapo nje. Mwizi hajawahi kuja. Waliokesha ni sisi! Mama kamjibu Mheshimiwa: ukikigusa hicho, na mimi nibebe kwenye hilo gari lako. Yakaisha.

Jumatano, 5 Juni

Mama mdogo kaja, kakwama nje kama kawaida. Miaka yote hii, na bado anaupiga mlango mateke. Nimemfungulia huku analaani. Tumecheka, tukaanza kumkumbuka marehemu. Alivyotengeneza feni kwa pedali za baiskeli — ukitaka upepo, kanyaga. Ukikanyaga, unaloa jasho! Alivyofuatana na watu wa sinema ya kuzunguka, akarudi na jenereta, hana viatu.

Na visima. Kila baada ya miezi kadhaa, kazi ya kuchimba visima, mbali huko, usimuulize atarudi lini. Akirudi sisi tunamrukia shingoni, Mama ananuna siku mbili, halafu anampikia. Hata harusi yangu ilimkuta visimani. Nikamnunia, nikachoka kununa. Nilimpenda mno mtu yule.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike polepole.

Nilikuwa uani naanika nguo. Mama kalala. Nikasikia hodi, nikaitikia ngoja, nakuja — naingia sebuleni, mwanamke kasimama katikati ya chumba! Mdogo kwangu kidogo, mkoba begani. Nikamuuliza kaingiaje. Kasema kafungua tu. Kisha kautazama mlango, akashtuka yeye mwenyewe. "Samahani, dada. Kwetu upo kama huu."

Hakuna mtu wa nje aliyewahi kuufungua. Hakuna! Nikauliza huo wa kwenu aliutengeneza nani. Akasema, baba. Hakusema baba yangu, hakusema baba yako. Halafu akaanza kulia. Kwao hawakuambiwa kama Baba anaumwa, wamekuja kusikia watu wameshatoka makaburini.

Nimemtoa. Karibu nimsukume, Mungu anisamehe. Nikamwambia Mama ana presha, habari hii itamuua, asirudi tena hapa.

Visima! Loo, Baba. Visima!

Jumamosi, 8 Juni

Nimempigia Mheshimiwa. Kajibu: funika kombe mwanaharamu apite. Nikamuuliza, kati ya methali zote za dunia, hiyo ndiyo kaiona inafaa leo? Akakata simu.

Mchana Mama anakunja nguo za Baba za kugawa. Kaniuliza mgeni wa jana alikuwa nani. Nikasema kapotea njia. Mama kasema, mbona mlango haukumsumbua. Alikuwa macho kitandani, kamsikia: kainua, kasukuma, kazungusha, kapita. Shati lilelile Mama kalikunja, kalikunjua, kalikunja tena.

Jumapili, 9 Juni

Karudi! Safari hii kasimama nje, anabisha kwa woga. Nilitaka nitoke nimfukuze, Mama kanishika mkono. Kaenda kufungua mwenyewe. Pita, mwanangu, kaa.

Hakumuuliza jina, hakumuuliza katoka wapi. Kauliza moja tu: "Kwenu alikuwa anakaa?"

Yule dada — ndiyo, nimwite dada, nitamwitaje? — kajibu hapana, Mama. Anakuja, anaanza kutengeneza kitu, hakijaisha keshaondoka. Wao waliambiwa anakwenda kuchimba visima.

Mama kamtazama. Halafu kacheka! Kacheka mpaka kashika kiti. Visima vyote hivyo, kasema, si nchi nzima ingekuwa tope! Kisha akalia, kidogo, akajifuta kwa kiganja. Na mimi nimesimama kama mlingoti, dawa ya presha mkono huu, glasi ya maji mkono huu. Hakuna aliyeniangalia.

Kauliza, na mama yako? Dada kajibu, yupo duka la kona. Kamsindikiza binti tu, kuingia hawezi, anaona haya. Mama katazama nje dirishani. Nikajua sasa ndiyo basi, hapa panalipuka. Akasema, jua lote hili? Mwambie aje.

Dada kaenda kumwita. Mimi naandika hapa jikoni, kwa sababu nisipoandika nitavunja vyombo. Mama yupo chumbani, mlango wazi, namwona. Gauni jeusi kalivua. Kavaa la bluu, kajigeuza mbele ya kioo, kioo ambacho hajakisogelea tangu mazishi. La bluu nalo kalivua. Kavaa la maua. Sasa anatafuta hereni.

Hodi hiyo. Wawili, nasikia viatu vyao. Nainuka, Mama kanizuia kwa mkono — wasubiri kwanza. Kajigeuza tena upande. Ananiuliza, hili halinizeeshi?