Mama Zaituni, Baba Alinitosha

Mama Zaituni,

Umekufa miezi mitano sasa na bado sijakusamehe kuzikwa bila mimi. Najua, ndivyo dini yenu inavyotaka: mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Sisi Wakatoliki wa Butembo hatuna haraka hiyo. Tunalia kwanza, tunapika, tunangojea wa mbali wafike. Siku ile nilikuwa Butembo kwa baba. Nilipanda gari la kwanza, wanajeshi wakatuzuia njiani, na nilipofika Beni watu walikuwa wameshatoka makaburini, wananawa mikono. Nilikasirika na kila mtu, hata na wewe. Jumapili yake nikakuombea misa. Padri aliuliza jina la marehemu, nikasema Zaituni. Akanitazama kidogo, kisha akaandika. Unisamehe, au ucheke tu.

Nakuandikia kwa sababu kesho naenda Vuhovi, na naogopa.

Wewe hukuogopa watu. Ulitoka kwenu Kigoma ukimfuata mume dereva wa lori, na alipofariki mtaa wetu mzima wa Ruwenzori hapa Beni ulisema sasa yule mgeni atafunga mizigo. Hukufunga. Ulibaki kwenye ua wako na vijana wakaanza kuja, mmoja mmoja, wale ambao nyumbani hapakaliki. Hukuwa na ofisi wala cheti. Ulikuwa na ungo. Kijana akifika, unauweka ungo wa maharage katikati yenu, mnachambua, na huulizi neno mpaka yeye mwenyewe aanze. "Mikono ikipata kazi, mdomo unasahau woga," ulikuwa unasema, na kwa kweli hakuna aliyekula maharage safi kama ya kwako.

Nami nilifika kutoka Butembo, nikachambua. Nilikuwa na mimba ya miezi minne na shule imenifukuza. Nilichambua nusu ungo ndipo nikasema, "Mama, baba yangu alinitosha."

Ukaniambia, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Wengine baba zao hawawatoshi."

Mama! Nilitaka kukumwagia ule ungo kichwani. Kwa Kiswahili chetu, kumtosha mtu ni kumtoa. Nilikuambia baba amenitoa nyumbani, wewe ukasikia kwamba baba ananitosheleza, sina haja ya mwingine. Nikapiga kelele, "Alinifukuza, Mama! Alitupa nguo zangu mu barabara!" Ulijiziba mdomo kwa mkono. Macho yakakutoka. Halafu ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukalia, na mimi ambaye sikuwa nimecheka tangu Pasaka nikacheka nawe, tumbo langu likiruka. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba nitaishi.

Wiki ile ile ulinichukua mpaka Butembo, kwa baba. Alikusemesha ukiwa umesimama mlangoni. "Weye ni mugeni, Mama. Mambo ya nyumba yangu inakuangalia nini?" Ukamjibu kwamba ni kweli, wewe ni mgeni na hayakuhusu, lakini mgeni haoni aibu kuuliza: je, huyu mtoto, ulimzaa wewe au ulimwokota? Akafunga mlango. Ukarudi mara ya pili, akafunga. Mara ya tatu akatoa kiti. Leo mwanangu ana miaka saba na analala kwenye mgongo wa mzee huyo huyo kama mzigo wa ndizi.

Sasa nikupe habari za ua wako. Cherehani yangu nimeihamishia kwako, nashona barazani, na ungo uko palepale. Vijana bado wanafika. Sikuwaita, Mama. Wanafika tu.

Wa kwanza baada yako alikuwa Masika, msichana wa miaka kumi na sita. Alisimama langoni akauliza, "Mama Zaituni iko?" Nikamwambia umefariki. Akakaa chini palepale. Nikaleta maharage, nikajiona tayari mimi ni wewe. Lakini hatukufika hata robo ya ungo kabla mdomo wangu haujanishinda. Nikamuuliza, "Nani amekufukuza kwenu?" Hivyo hivyo, mtu mzima mimi. Akaweka chini maharage aliyoshika, akafuta mikono, akaondoka bila kuaga. Niliona aibu mpaka nikashindwa kushona. Miaka yote ile karibu nawe, na jambo moja tu ulilonifundisha ndilo nililolivunja.

Ulikuwa ukisema mvumilivu hula mbivu, nami sikuwa mvumilivu. Lakini siku ya nne Masika alirudi. Alisimama palepale langoni, akatazama chini, akasema, "Ninakuya kumaliza maharagi."

Safari hii nilijiuma ulimi. Tulimaliza ungo wa kwanza, nikaleta wa pili. Katikati ya wa pili alianza. Watu wenye silaha walimkamata shambani, huko Vuhovi, wakakaa naye porini miezi. Alipotoroka na kufika nyumbani, mama yake alimkumbatia, baba yake akasema hawezi kumweka: majirani watasema nyumba hii ni ya wale watu. Akamtoa siku hiyo hiyo. Masika alisema yote hayo bila kulia. Mimi ndiye niliyelia, nikijifanya vumbi la maharage limeniingia machoni.

Anataka kurudi kwao. Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika, maana hapa ana mkeka na sahani. Anasema anamtaka mama yake.

Kwa hiyo kesho ni Vuhovi. Wewe ulikuwa na ugeni wako, ulikuwa ukiutumia kufungulia milango. Mimi sina. Baba yake Masika ataniona mtoto wa Kinande kama yeye, asiye na adabu, tena aliyezalia nyumbani bila ndoa. Nilikuwa nimekwama hapo, nikampigia baba simu nimweleze tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Tutaenda pamoja. Ule muzee atasikia mimi, sababu nami nilifanyaka vile." Miaka yote hii hakuwahi kulitaja jambo lile, hata kwa kukohoa, na sasa anataka kulibeba mpaka kwenye mlango wa mtu asiyemjua.

Masika ameshafua gauni lake. Mchana huu ameniuliza, "Na kama anakatala?" Nikamwambia tutalala Butembo kwa baba, Jumatano tutarudi. Na Jumatano akikataa? Jumamosi. Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa, akaona ninasema kweli, akaenda kuchota maji.

Tangu uondoke, Mama, kila nikikwama nimekuwa nikikuita. Ungesema nini, ungefanya nini, nikakunyima usingizi wako. Nimechoka kukusumbua, na nadhani nawe umechoka. Barua hii ndiyo ya mwisho. Yule mzee akinifungia, nitakaa nje ya mlango wake mimi Kahindo, kwa akili yangu mimi. Nakuahidi sitaondoka Vuhovi na kumwacha binti yule barabarani.

Kwaheri, Mama yangu. Pumzika sasa. Asubuhi tunaondoka.