Mtoto Asiyesumbua

Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Mvua ilianza saa tisa kama kawaida yake, sasa inadondoka tu kwenye ukingo wa mabati. Nimevua viatu. Moyo wangu ni mchungu, na leo sitaki kujifanya vingine.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Lurambi. Nina watoto thelathini na wawili, na kazi yangu hasa ni kucheza nao. Naruka kama chura, nanguruma kama simba, naficha mawe chini ya vikombe wayatafute. Wazazi husema nina kipaji. Nikifika nyumbani sauti imekwisha.

Halafu nina mtoto wangu mwenyewe, Taji, wa miezi kumi na moja. Huyo nilimpa kimya.

Sentensi hiyo nimeifuta mara mbili kabla ya kuiacha.

Jumanne nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Uzito ulikuwa sawa. Sista akatoa funguo zake, akamwonyesha, akazificha chini ya leso yangu. Taji aliutazama mkono wa sista, kisha akatazama ukuta. Sista akarudia mara tatu. Taji hakuinua leso hata mara moja.

"Nyumbani ni nani huchezanga na huyu?" akaniuliza.

Nikamwambia mchana hukaa kwa jirani, jioni yuko nami. Nikaongeza, kwa majivuno kabisa, kwamba ni mtoto mtulivu, hasumbui mtu.

"Na wewe mama, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alisema macho na masikio hayana shida, nimrudishe baada ya mwezi, na katikati hapo niongee naye na nicheze naye. Akanieleza polepole namna ya kuficha kitu na kukifichua, ili mtoto ajifunze kwamba kitu kisichoonekana bado kipo. Nami nikawa naitikia kwa kichwa, kama mtu anayelisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mercy, jirani anayenilelea. Ana watoto watano sebuleni mwake kuanzia saa moja asubuhi. Nilimkuta akimlisha mmoja uji, na mama mwingine alikuwa amekaa pale. Sikujali. Nilimwambia amemweka mwanangu kama gunia la mahindi, anamtua mahali asubuhi na jioni namkuta pale pale. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika.

Alimaliza kijiko alichokuwa ameshika, akampangusa mtoto mdomo, ndipo akanijibu.

"Mwalimu, si ni wewe uliniambia nisimbebebebe atazoea? Ulisema ukirudi umechoka, hutaki umkute analilia watu. Nikamfundisha kukaa."

Nikamfundisha kukaa.

Na ni kweli. Nilimwambia hivyo Taji akiwa na miezi minne, wiki niliyorudi kazini. Jioni nami niliendeleza somo hilo hilo. Nilimpa simu yenye katuni ili nisonge obusuma, ugali wetu, kwa amani. Akitupa kijiko chini, nakiokota. Akikitupa tena, namnyang'anya. Darasani mtoto wa mwenzangu akifanya hivyo, namwandikia kwenye ripoti kwamba ni mdadisi.

Babake anafanya kazi Lugari, huja mwisho wa mwezi. Nilipompigia alisema mtoto amemfuata yeye, watu wa kwao si wa maneno mengi. Nikakata simu.

Jumatano nilimbeba Taji mgongoni nikaenda naye shuleni. Nilifikiri atakaa kwenye mkeka na wenzake, aone, asikie. Mwalimu mkuu alinizuia langoni. Alisema wazazi wamenikabidhi watoto wao, si wangu. Hakusema kwa ubaya. Nilisimama pale nikiwasikia wale thelathini na wawili wakiimba wimbo niliowafundisha mimi.

Nikarudi kwa Mama Mercy. Sikuwa na mwingine.

Nilimwomba msamaha kwenye mlango wake, na haikuwa rahisi. Nilikuwa na chupa ya plastiki niliyotia maharagwe na kufunga kifuniko kwa nguvu, vikombe vitatu, na kitambaa.

"Hiyo mimi sikusomea," alisema. "Nionyeshe mara moja."

Nilimwonyesha kwa dakika tano, nikakimbia kazini.

Jioni ile na ya jana nilijaribu mwenyewe. Niliketi mkekani, nikaficha kijiko, nikaita kwa ile sauti yangu ya darasani, ya juu, yenye kucheka. Taji aligeuka kutazama mlango. Alidhani kuna mtu ameingia. Hiyo sauti hajawahi kuisikia humu ndani. Kisha akanyoosha mkono, akitaka simu, na nilipomnyima akalia mpaka usingizi ukamchukua.

Leo nimefika kwa Mama Mercy saa kumi nimelowa. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kochi, Taji mbele yake. Akaficha chupa chini ya leso.

"Imeenda wapi? Taji, imeenda wapi?"

Taji akaishika leso kwa mikono miwili, akaivuta. Akaiona chupa. Akaitikisa, akacheka, akamnyooshea Mama Mercy.

Kicheko hicho sikuwa nakijua.

Niliita jina lake. Alinitazama kidogo, akamgeukia tena mwenzake, akingoja ifichwe upya.

"Ameanza asubuhi," Mama Mercy aliniambia, kwa upole ulioniumiza. "Nilitaka akungoje uone. Hakungoja."

Nilimshukuru. Nilimaanisha. Mtoto wangu hana kasoro, akili yake ilikuwa inangoja tu mtu wa kuketi naye chini, na nilipaswa kurudi nyumbani nikiimba. Nimerudi nikiwa na wivu juu ya mwanamke aliyefanya kile nilichomwomba afanye. Huyo ndiye mimi, kwa leo.

Sasa Taji yuko mkekani, anaguna. Anataka simu. Nimeizima.

Kesho ni Jumamosi. Hakuna shule, na Mama Mercy hachukui watoto. Kuanzia asubuhi mpaka jioni tutakuwa sisi wawili. Siku za namna hiyo tumekuwa nazo nyingi, na zote nilifua, nikadeki, nikasahihisha vitabu, yeye akitazama katuni.

Naogopa. Mwalimu mzima, naogopa Jumamosi moja na mtoto ambaye hata hajaanza kutembea. Je, akikataa tena kucheza nami?

Nitaketi chini hata hivyo.