Mti wa Umazi Haukufa

Al-Naseem, Riyadh

Mdogo wangu Mwanasiti,

Salamu zangu zikukute umeketi, maana ukisimama huna subira ya kusikiliza. Goti lako je? Wajukuu zangu wanakula, au wanakusumbua na soda? Mimi mzima. Mgongo unalalamika, nauacha ulalamike. Anayeniandikia ni Musyoka, dereva wa nyumba hii, Mkamba mwenye mwandiko mzuri na kichwa kigumu. Nimemwambia asirembe maneno yangu.

Nina neno zito, na nakutuma.

Uani hapa kuna mti kwenye chungu kikubwa. Madam aliununua walipokuwa wakikaa Jeddah, kule Al-Hamra, wakahama nao. Jani lake ni kiganja cha mtoto, vidole vimetanuka, ncha kali. Musyoka anasema Wazungu wanauita mepo, na jani la nduguye liko kwenye bendera ya Kanada. Nilipofika kazini hapa mwaka jana, wakati wa baridi, haukuwa na jani hata moja. Madam akasema, "Mama, umekufa huo. Tupa." Nikakwaruza gome kwa ukucha. Ndani kijani kibichi! Nikauficha nyuma ya tangi, nikawa naumwagilia.

Baridi ilipoisha vitawi vikatoa macho mekundu, mawili mawili, yakitazamana. Kisha vikono vilivyokunjika, kama vya mtoto mchanga. Madam akanishika mabega, "Mama, mkono wako una baraka!" Nami nikafurahi, mjinga mimi.

Chumba ninacholala kilikuwa cha mtumishi aliyenitangulia, binti wa Kinango, Umazi. Ndala zake ziko bado nyuma ya mlango. Nazivaa, lakini zimeshika umbo la miguu yake, zinanikataa. Nilipogeuza godoro nikakuta jani la ule mti, jekundu kama damu iliyokauka, limekunjiwa kwenye karatasi.

Nikamuuliza Musyoka. Akasema, "Yote yaligeuka hivyo, Nyanya, yakapukutika. Ndiyo ilikuwa baridi yao ya kwanza hapa Riyadh. Madam akasema Umazi ameumwagia dawa ya kupigia deki."

Msichana akarudishwa ofisi ya ajenti. Tangu siku hiyo hajasikika. Ajenti ukimuuliza anakujibu, "Mafi," basi, hayupo. Ila kumpigia mama yake simu na kumwambia mwanawe ni mharibifu, hilo aliliweza.

Hapa Musyoka amesimamisha kalamu. Ndiye aliyempeleka kwa gari siku ile. Andika, nimemwambia, hujamaliza.

Sasa baridi imerudi, Mwanasiti, na majani yamekuwa mekundu tena. Mimi sijamwaga kitu ila maji. Kila asubuhi nazoa vile viganja, na kila asubuhi nahisi mtu amesimama mlangoni bila viatu, anangoja nimalize. Nikigeuka, hakuna. Simwogopi. Namwonea haya, maana nilisifiwa kwa mti uliomfukuzisha yeye.

Juzi nikamwita madam pale chunguni. "Jeddah hakuna baridi, ndiyo maana hamkujua. Huu hujivua wenyewe. Yule binti hakuua kitu."

Akatazama chini, kisha akasema, "Halas, Mama," yaani yamekwisha.

Nikamwambia, "Halas ni ya chai, madam. Mtoto wa mtu hana halas." Akaingia ndani. Hajanifukuza, na mimi sitanyamaza.

Basi nenda Kinango siku ya soko. Mama yake anauza mbaazi, uliza Mama Umazi. Muulize kama mwanawe amefika nyumbani. Akiwa amefika, mpe binti jani hili la chini ya godoro, nililotia kwenye bahasha, ni lake, umwambie mti u hai. Akiwa hajafika, mpe mama. Asione aibu tena mbele za watu. Na umsindikize polisi akaandikishe kwamba mtoto hajulikani alipo. Usimwache aende peke yake.

Msalimie ustadhi anayekusomea barua hii, asome polepole pale pa habari za Umazi. Msalimie shemeji fundi cherehani, na mkwe wangu mwambie namuombea uzazi mwepesi.

Ni mimi dada yako mwenye mdomo,
Mwanamisi

Musyoka ameomba mstari wake chini ya jina langu. Sijui ameandika nini, mimi sisomi.

Mama Umazi, mimi ndiye dereva. Ndani ya gari mwanao aliniuliza, "Kaka, wewe uliniona nikimwaga kitu?" Sikumwona. Nilijua hakumwaga. Niliendesha tu, sikumjibu.